Bi harusi ameomba "Malaika", baba mkubwa amekataa. Na kati ya Fadhili na Makeba nimfuate nani?

Sauti ya Sinza

Habari zenu wapenzi wa zilipendwa. Naimba kwenye bendi ndogo hapa Dar, tupo watano: mimi, solo, besi, kinanda na dramu. Kazi zetu nyingi ni sendofu na harusi, na nyimbo nyingi tunazopiga ni za kukopi, sifichi.

Mwezi ujao tuna harusi ambayo bi harusi mwenyewe ameomba aingie ukumbini na "Malaika". Kamati ilishapitisha, MC ameshaandika kwenye ratiba yake. Juzi baba mkubwa wa bi harusi akapewa orodha ya nyimbo aipitie. Alipofika hapo akavua miwani. "Yaani mtoto wetu anaingia na wimbo wa mwanaume aliyeshindwa kuoa kwa kukosa hela? Mahari si tumeshapokea? Mnataka wageni wafikirie nini?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. Sasa hivi wimbo umewekwa alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.

Huku mazoezini nako hakuna amani. Mimi nimekua na Miriam Makeba, yule mwimbaji wa Afrika Kusini, mama alikuwa na kanda yake. Mpiga kinanda wetu anasema watu wa harusi wanataka kucheza, kwa hiyo tupige ile ya Boney M., kundi la disko la Ujerumani. Mpiga besi anasema wote tumepotea, mwenye wimbo ni Fadhili William, na yeye hapigi kingine. Nikaenda YouTube kutafuta usuluhishi, nikakuta chini ya kila video kuna vita: huyu anasema wa Kenya, yule anasema wa Tanzania, mwingine anasema wa Afrika Kusini.

Naombeni mnisaidie. Huu wimbo ni wa nani hasa? Bendi ya harusi ikitaka kuupiga vizuri imfuate nani? Na baba mkubwa ana hoja au anatusumbua tu?

Kimbunga wa Tanga

Dada, huo ni wa Makeba, dunia nzima inajua. Pigeni Makeba, watu watoe machozi, mchukue hela yenu mwondoke. Kuhusu baba mkubwa, uliza kwanza nani anasaini malipo ya bendi. Kama ni yeye, basi ana hoja.

Gitaa la Kisauni

Mwanangu, huyo wa Tanga kwenye malipo kasema kweli, kwenye historia usimfuate. Makeba hakuutunga wimbo huu wala si yeye wa kwanza kuuimba. Ulikuwa umeshatoka Nairobi kwenye santuri kabla yeye hajaugusa.

Mimi nimepiga gitaa katika hoteli za pwani ya kaskazini hapa Mombasa, Nyali mpaka Shanzu, tangu enzi kaseti zikiuzwa pale mapokezi hadi sasa mtalii akuonyesha wimbo kwenye simu yake. Usiku hata mmoja uliopita bila "Malaika" siukumbuki. Nitasema kwa urefu, mnistahimili.

Aliyeutia kwenye santuri ni Fadhili William Mdawida, mtoto wa Taita, mzaliwa wa 1938. Aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na bendi yake ya Jambo Boys, kisha ukarekodiwa tena Equator Sound Studios ya Charles Worrod, pale Nairobi. Hapo Equator ndipo walipokuwa kina Daudi Kabaka, Peter Tsotsi na Nashil Pichen, vijana wa twisti. Nyimbo nyingi za pale zilivuka bahari. Kabaka na "Helule Helule" yake, 1968 wakaichukua Waingereza The Tremeloes, ikaingia katika ishirini bora za kwao. Kwa hiyo "Malaika" haikuwa bahati ya mara moja. Studio ile ilikuwa na masikio.

Kuutunga sasa, hiyo ni habari nyingine. Fadhili mpaka anafariki Nairobi, Februari 2001, alishikilia kuwa wimbo ni wake. Huko kwenu Tanzania kuna Adam Salim, mzaliwa wa 1916, ambaye alisema aliutunga alipokuwa akiishi Nairobi mwaka 1945 na 1946. Kisa chake ni kwamba alimpenda binti, wazazi wakakataa, binti akaozwa kwa mtu mwenye uwezo. Ukiyasikiliza maneno ya wimbo, kisa hicho kinaingia kama ufunguo na kitasa chake. Hapa Mombasa anatajwa Lucas Tututu. Tena yuko Grant Charo, shemejiye Fadhili, naye alidai ana mkono wake humo.

Kwa kuwa ni mtu wa hapa ungetarajia nimvutie Tututu, na wazee wengi wa huku huvuta upande huo. Mimi sivuti. Nionavyo, wimbo ulikuwa ukizunguka midomoni na magitaani kabla ya kupata santuri, kila mpigaji akitia chake, na Fadhili ndiye aliyeupa umbo tunalolijua. Kila aliyekopi baadaye, ajue asijue, ametoka katika umbo lile.

Usidhani ugomvi huu ni wa sifa tu. Ni wa pesa. Bendi ikikopi wimbo ikauza santuri, fungu la mtunzi ni la mtunzi, si la aliyeuimba mwanzo. Jina linalolipwa ni lile dogo kwenye mabano, chini ya jina la wimbo, ambalo hakuna anayelisoma. Na pasipokuwa na jina, pakaandikwa "wimbo wa jadi", basi aliyeupanga upya huko studio aweza kujiandikisha yeye kama mpangaji akakusanya. Mimi nimeshika kwa mkono huu kaseti za "Malaika" zilizoandikwa wa jadi. Wa jadi gani? Wimbo wenye gitaa la umeme, unaolalamikia shilingi, mwenyewe yuko hai na ana njaa! Hapo ndipo huwa nakasirika, si kwenye Kenya na Tanzania.

Tuje kwa Makeba. Mwaka 1965 alitoa albamu na Harry Belafonte, na humo "Malaika" wakaimba wawili. Albamu ile ilipata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata, upande wa muziki wa asili. Hapo ndipo wimbo ulipokuwa wa dunia, na hilo Makeba apewe haki yake yote. Lakini sikiliza alichokifanya. Ameupunguza mwendo, magitaa akayarudisha nyuma, sauti ikakaa mbele peke yake. Fadhili hauimbi hivyo. Fadhili auimba kijana, akitembea, magitaa safi yasiyo na makeke, huzuni iko kwenye maneno lakini miguu haijasimama. Makeba amesimama. Ukimsikiliza yeye wadhani mtu kafa. Ukimsikiliza Fadhili wajua mtu kakataliwa na kesho ataamka aende kazini.

Tangu mwaka ule watu wa nje hawamkopi Fadhili, wamkopi Makeba. Hata Angélique Kidjo wa Benin, alipouweka kwenye albamu yake ya *Logozo* mwaka 1991, ni Makeba anayemwamkia mle ndani, na mwenyewe hajawahi kuficha kwamba Makeba ndiye aliyemfungulia njia. Nampenda Kidjo, ila huo mwendo ni wa ukumbi wenye viti vya kukaa. Harusini watu wana sahani mkononi.

Baba mkubwa, nasikitika kukwambia, ana hoja. Wimbo ni wa kijana asiye na mali, angeoa lakini hana, na pesa zasumbua roho yake. Watalii hawajui, wao hudhani ni wa kubembelezea mtoto. Mzee anayejua Kiswahili asikia kila neno. Huku pwani tumeupiga harusini miaka yote na hakuna ndoa iliyovunjika kwa ajili yake, ila sikumbuki tukiupiga bibi akiingia. Tuliupiga watu wakila.

Hebu fanyeni hivi. Bibi aingie na gitaa peke yake. Sauti ya wimbo iwepo, maneno yasiwepo. Yeye atapata "Malaika" yake, mzee hatapata la kulishika. Maneno yaimbwe baadaye, bwana harusi akiwa ameshakaa pembeni ya mkewe na kila mtu anaona kwamba mali ilipatikana.

Mwana wa Voi

Asante mzee wa Kisauni kwa kumtaja Mtaita wetu kwa jina lake lote, maana hata kwenye redio hulikata.

Naongeza mawili. Fadhili hakuwa mtu wa wimbo mmoja, msikilizeni kwenye "Taxi Driver" mpate kujua alivyokuwa mchangamfu. Halafu miaka ya 1980 alihamia Marekani, akakaa huko miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1990. Fikirieni mtu anaishi ugenini, na wimbo wake umemtangulia huko kwa miaka ishirini ukiwa na sura za watu wengine. Ni wangapi waliomwona wakajua ni nani?

Kuhusu hao wa 1945, mimi nauliza tu: kama wimbo ulikuwepo miaka yote hiyo, mbona hakuna aliyeurekodi mpaka Fadhili alipofika?

Kimbunga wa Tanga

Kwa sababu kurekodi kulikuwa hakupatikani dukani kama mkate, ndugu yangu. Ni wangapi mwaka 1945 walikuwa na njia ya kufika studio? Na 1945 Fadhili alikuwa na umri wa miaka saba. Mtoto wa miaka saba hatungi wimbo wa mahari, ila kuusikia anausikia.

(Ndiyo, nimebadilisha upande. Nimesoma alichoandika mzee, nimeachana na Makeba. Sasa namtetea Mtanzania mwenzangu.)

Mwana wa Voi

Umebadilisha upande au umehamia palipo na bendera yako?

Kimbunga wa Tanga

Vyote viwili.

Mswahili wa Hamburg

Salamu kutoka kwenye baridi. Mzee hakuwagusa Wajerumani wa Boney M., nami niko nao huku, acha nijazie.

Boney M. waliutoa 1981, kwenye albamu ya *Boonoonoonoos*, kazi ya prodyuza wao Frank Farian. Mwaka huohuo bendi nyingine ya hapa Ujerumani, Saragossa Band, nayo ikatoa wa kwake, wa kurukaruka kabisa. Ndiyo maana huku ukienda kwenye sherehe ya mtu anayetimiza miaka sitini au sabini, DJ akiweka "Malaika", kina mama wanainuka wote na wanaimba pamoja kila silabi. Niliwahi kumuuliza jirani yangu anadhani ni lugha gani. Akasema Kihispania. Nilipomwambia mwimbaji analia hana hela ya kuoa aliketi chini kwa muda, kisha akasema, "Lakini mbona unafurahisha hivi?" Sikuwa na jibu la kumpa, maana kwa Farian unafurahisha kweli.

Kabla ya Wajerumani kulikuwa na Waswidi. Hep Stars waliurekodi 1967, na mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, yule ambaye baadaye alikuwa mmoja wa ABBA. Ukavuma sana Sweden. Yaani mtu aliyetunga nyimbo za ABBA alipitia kwanza kwenye kodi (chords) zile tatu za Nairobi. Sisemi alijifunza humo, nasema alipita.

Boney M. hawakuishia hapo. Mwaka 1983 wakachukua na "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, ambayo Teddy Kalanda na ndugu zake walikuwa wameitoa mwaka uliotangulia tu. Hiyo angalau wenyewe walikuwa wanajulikana, bendi iko Mombasa, inapiga, ina simu. Kwa "Malaika" kila aliyekuja alikuta mlango wazi na wenye nyumba wanagombana uani.

Mpiga kinanda wako asidharauliwe, dada. Toleo la disko limeuweka wimbo hai kwa watu ambao wasingeusikia kamwe.

Sauti ya Sinza

Shikamoo mzee wa Kisauni. Asante sana, na wengine wote. Wazo la gitaa bila maneno nimelipeleka kwa kamati jana jioni. Baba mkubwa akauliza, "Hakuna atakayeimba hata kidogo?" Nikamwambia hakuna. Akasema basi sawa, kisha nikamsikia anaupiga mluzi akienda kwenye gari lake. Anaujua wote!

Sasa nimebaki na bendi. Mpiga besi ana furaha kwa sababu umemsifu Fadhili, mpiga kinanda amenuna. Tukishamaliza kuingia, huo wa kuimba baadaye tuupangeje ili watu hawa wawili waendelee kusalimiana? Halafu sauti yangu ni ya chini, Makeba ananipeleka juu mpaka nakauka. Na unipe neno kwa mpiga dramu, maana yeye akikaa kimya dakika moja anaona anaibiwa.

Gitaa la Kisauni

Marahaba mwanangu. Tatizo lako nimelipiga kwa miaka, tena na watu waliolipia chumba.

Kulikuwa na mzee wa Kijerumani na mkewe, wakija kila msimu wa baridi ya kwao. Meza yao ilikuwa ileile, ya pili kutoka jukwaani, chini ya mwarobaini. Mke ataka Makeba. Mume ataka Boney M. Tukianza polepole, mke afumba macho, na mume kule nyuma ya bega lake ainua kidole kimoja akizungusha hewani: harakisha, harakisha. Tukianza kwa kasi, mume asimama, mke asukuma glasi yake mbali na kututazama vibaya. Basi tukaamua wote wapate. Beti la kwanza gitaa na sauti tu, dramu hajagusa kitu. Kiitikio, besi inaingia kwa noti ndefu. Beti la pili, dramu aingia na fimbo kwenye ukingo wa ngoma ndogo, tiki-tiki, bado hajagonga. Hapo mko kwa Fadhili, na hapo ndipo mkae muda mrefu kuliko pengine popote, kwa sababu ndipo maneno yasikikapo na mguu wachezeka. Kiitikio cha mwisho ndiyo mwafungua, kinanda kwa sauti zote alizo nazo, mfanye disko, mrudie mpaka watu wachoke. Mke yule alikuwa ashamaliza kulia, anacheza.

Kwa hiyo mwambie mpiga kinanda Boney M. yake ipo, imewekwa mwisho, na huko mwisho ndiko watu huinuka kutunza. Hela za kutunza huangukia upande wake. Atanuna tena?

Sauti. Usimfuate Makeba kwenye kii (key) yake, ile ni ya koo lake. Anza na G, ukiona bado juu shuka F, gitaa watalalamika na F lakini wewe ndiye unayeimba. Kodi ni tatu tu wimbo mzima: kwenye G utapata G, C na D. Wapigaji wenye haraka huongeza kodi nyingine katikati ili waonekane wamesoma. Wazuie. Utamu wa wimbo huu ni kwamba sauti yapanda pale kwenye jina, kisha yashuka taratibu kama isiyotaka, na kodi zikiwa nyingi mshuko ule hausikiki.

Gitaa la kuingilia bibi lisipige wimbo wote mfululizo. Lipige mstari mmoja, linyamaze, lisubiri hatua zake mbili tatu, lipige mwingine. Mpiga solo wako amtazame miguu, si uso, maana gauni huwachelewesha. MC aambiwe mapema anyamaze. Ma-MC wakisikia gitaa tupu hudhani ni nafasi yao ya kuongea. Na msimalize kabla hajaketi. Akichelewa kupigwa picha mlangoni, rudini mwanzo, hakuna atakayejua.

Mpiga dramu mpe kazi ya kuhesabu. Akae na fimbo mapajani, aambiwe yeye ndiye atakayempa kila mtu ishara ya beti la pili. Mtu wa dramu akipewa cheo hutulia.

Na huyo mpiga besi, nashukuru kwa mapenzi yake kwa Fadhili, lakini mchungeni. Wapiga besi wa Dar nawajua, nimepiga nao. Kwenye beti la kwanza asiguse waya, na kwenye la pili asianze kuranda kama yuko kwenye sebene. Akitaka kuranda, namwachia nafasi kule kwenye disko, baada ya bwana harusi kufungua muziki.